Jinsi ya Kuchagua Kompyuta Mpakato Inayopatana na Linux: Mwongozo Kamili

Watu wengi wanaotaka kuhamia Linux huanza kwa kuuliza ni kampuni gani inatengeneza kompyuta mpakato nzuri kwa mfumo huo. Jibu la swali hilo halisaidii sana, kwa kuwa kampuni ileile, katika mwaka uleule, huweza kutoa mashine moja ambayo Linux huiendesha bila tatizo lolote na nyingine ambayo kamera yake haiwaki wala spika zake hazitoi sauti. Kinachoamua ni chipu zilizofungwa ndani, na hasa kama draiva za chipu hizo (programu zinazouwezesha mfumo kuzitumia) zimekwisha kuingizwa katika kerneli rasmi ya Linux, yaani kiini cha mfumo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na sehemu ambazo mnunuzi hawezi kuzibadilisha baada ya kulipa, kisha unashuka hadi zile zinazorekebishika kwa bisibisi au kwa mpangilio wa BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine.

Hatua ya 1: Fahamu draiva zinatoka wapi

Kwenye Windows, mtengenezaji wa kompyuta hukusanya draiva za kila kifaa na kuziweka kwenye tovuti yake ili mnunuzi azipakue. Linux imejengwa kwa namna nyingine. Draiva nyingi ziko ndani ya kerneli yenyewe, ile ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 na ambayo siku hizi hupata toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10 hivi. Draiva ikishapokewa humo hutunzwa pamoja na kerneli miaka nenda miaka rudi, na mtumiaji huwasha mashine akakuta kifaa kinafanya kazi bila kupakua chochote. Isipopokewa, atategemea msimbo wa pembeni, ambao unaweza kugoma kila kerneli inaposasishwa.

Jambo hili lina matokeo makubwa kwa mnunuzi. Mashine iliyoingia sokoni wiki hii inaweza kuwa na chipu ambazo draiva zake zimo katika kerneli mpya tu, ilhali distro anayoipenda (mkusanyo kamili wa Linux, kama Debian, Ubuntu au Fedora) bado inabeba kerneli ya zamani. Debian 12 ilitoka na kerneli 6.1, Debian 13 ikaja na 6.12, na Ubuntu 24.04 ilianza na 6.8 kabla ya kupokea mpya zaidi kupitia matoleo yake ya nyongeza. Fedora, kwa upande wake, husasisha kerneli hata ndani ya toleo lilelile. Anayetaka distro tulivu isiyobadilikabadilika na anunue mashine iliyokaa sokoni walau mwaka mmoja. Anayeitaka mashine mpya kabisa na achague distro inayokwenda sambamba na kerneli mpya. Malalamiko mengi kwamba Linux haifanyi kazi kwenye kompyuta fulani yanatokana na mtu kuweka distro ya zamani juu ya mashine mpya.

Kuna pia suala la programu dhibiti. Chipu nyingi za Wi-Fi, za grafiki na za sauti haziamki mpaka zipakiwe faili maalumu kutoka kwenye diski kila mashine inapowashwa. Faili hizo kwa kawaida si huria, na hukusanywa katika kifurushi kiitwacho linux-firmware. Distro nyingi huzibeba tangu mwanzo. Debian ilikataa kuziweka katika flashi yake rasmi ya usakinishaji kwa miaka mingi, hadi ilipobadili msimamo katika Debian 12 mwaka 2023. Kwa hiyo mtu anayejaribu mashine kwa kutumia flashi ya Debian ya zamani anaweza kudhani Wi-Fi imeharibika, kumbe faili tu ndiyo inayokosekana.

Hatua ya 2: Chagua aina ya prosesa

Kwa mtu anayeanza, prosesa yoyote ya Intel au AMD ya biti 64 inafaa, na tofauti kati ya hizo mbili upande wa Linux ni ndogo kuliko inavyosemwa. Tahadhari inahitajika kwenye prosesa za ARM, familia tofauti na hiyo ya Intel na AMD. Kompyuta mpakato zenye Snapdragon X, zilizoanza kuuzwa mwaka 2024, zinasifika kwa betri kukaa muda mrefu, lakini kila modeli inahitaji faili yake ya maelezo ya vifaa iandikwe na kupokewa kwenye kerneli, na kasi ya kazi hiyo hutofautiana sana kati ya modeli moja na nyingine. Usinunue mashine ya aina hiyo kwa ajili ya Linux mpaka uone modeli yenyewe, kwa jina lake kamili, ikitajwa kuwa inafanya kazi.

Mashine za Apple nazo zinahitaji uangalifu. Zile zenye chipu za M1 na M2 zinaendeshwa na mradi wa Asahi Linux, ambao toleo lake linalotegemea Fedora lilitoka rasmi Desemba 2023, na kazi iliyofanyika humo ni ya kusifiwa kwa dhati, maana Apple haikutoa nyaraka za chipu zake. Hata hivyo kisoma alama za vidole hakikufanyiwa kazi, na chipu za vizazi vilivyofuata zimechukua muda mrefu zaidi. MacBook za Intel zenye chipu ya T2, za kati ya mwaka 2018 na 2020, huhitaji kerneli iliyofanyiwa marekebisho maalumu ili hata kibodi ya ndani ifanye kazi. Kwa asiye na uzoefu, hizo za T2 ni za kuepukwa.

Mashine iliyotumika ina faida ambayo wengi hawaijui. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa sababu hiyo kompyuta nyingi za ofisini zenye Intel ya kizazi cha 6 na cha 7 zimeachwa zikiwa bado nzima, na Linux huziendesha vizuri sana, kwa kuwa draiva zake zimekomaa kwa miaka. Mashine za biti 32 ndizo zisizo na maisha tena, kwani hata Debian, iliyozivumilia kuliko distro nyingi kubwa, imeacha kutoa flashi ya kuzisakinishia tangu toleo la 13.

Hatua ya 3: Amua kuhusu grafiki kabla ya kitu kingine chochote cha anasa

Grafiki iliyomo ndani ya prosesa ya Intel au AMD inatosha kwa kazi za ofisi, video, uandishi wa programu, uhariri wa picha na hata michezo mingi ya wastani. Intel hutumia draiva ya i915, na xe kwa chipu zake mpya. AMD hutumia amdgpu, iliyoingia kwenye kerneli 4.2 mwaka 2015. Juu ya draiva hizo kuna Mesa, mkusanyo huria unaotafsiri maagizo ya OpenGL na Vulkan, njia ambazo programu hutumia kuomba picha zichorwe. Vyote hivi huja na distro yenyewe, vinasasishwa pamoja nayo, na mtumiaji anaweza kukaa na mashine miaka mitano bila kujua majina yake.

NVIDIA ni habari nyingine. Kwa miaka mingi draiva yake ilikuwa imefungwa kabisa. Mei 2022 kampuni hiyo ilitoa moduli huria za kerneli kwa kadi za kizazi cha Turing cha mwaka 2018 na vilivyofuata, jambo lililorahisisha mengi, ingawa sehemu ya draiva inayofanya kazi nje ya kerneli bado imefungwa, na kadi zilizotangulia Turing haziwezi kutumia moduli hizo. Kwa mtumiaji wa kawaida maana yake ni hii: kerneli inaposasishwa, moduli ya NVIDIA lazima ijengwe upya au isubiriwe kutoka kwa watunzaji wa distro, na kama Secure Boot (kinga inayokubali programu zilizosainiwa tu mashine inapowaka) imewashwa, moduli iliyojengwa kwenye mashine yenyewe haitapakiwa mpaka isainiwe kwa ufunguo ulioandikishwa. Mtu asiyejua hili husasisha mfumo jioni, akaamka na skrini nyeusi au yenye picha kubwa zilizofifia.

Kompyuta mpakato yenye NVIDIA kwa kawaida ina grafiki mbili, ile ya prosesa na hiyo ya NVIDIA, na kubadilishana kwake kazi huathiri betri. Isitoshe, katika baadhi ya modeli tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na kadi ya NVIDIA, kiasi kwamba huwezi kutumia skrini ya nje bila kuiamsha. Anayefunza modeli za akili mnemba kwa CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kukokotoa kwenye kadi zake), au anayefanya kazi nzito za picha za pande tatu, ana sababu ya kuyabeba hayo yote, na achague distro inayosakinisha draiva hiyo yenyewe, kama Ubuntu au Pop!_OS. Asiye na sababu hiyo achague mashine isiyo na kadi ya NVIDIA kabisa. Hakuna uamuzi mmoja katika mwongozo huu utakaompunguzia usumbufu kuliko huo.

Hatua ya 4: Chunguza kamera, sauti na kisoma alama za vidole

Vitu hivi vitatu havibadilishiki kirahisi, na ndivyo wanunuzi husahau kuviuliza.

Kwa muda mrefu kamera ya kompyuta mpakato ilikuwa kifaa cha USB kinachofuata kanuni moja ya jumla, na draiva ya uvcvideo iliiendesha bila maswali. Kisha, katika mashine nyembamba zenye Intel ya kizazi cha 11 na hasa cha 12, watengenezaji wakaanza kuiunganisha kamera moja kwa moja na kitengo cha picha kilichomo kwenye prosesa, kiitwacho IPU6. Kamera za namna hiyo zinahitaji draiva ya kitengo hicho, draiva ya kihisi chenyewe, na programu ya kuchakata picha ghafi. Sehemu ya msingi ya IPU6 iliingia kwenye kerneli rasmi katika toleo la 6.10 mwaka 2024, lakini kila kihisi kinabaki na hadithi yake. Ukiona kwenye maelezo ya modeli maneno IPU6 au MIPI (muunganisho usio wa USB) karibu na kamera, uliza zaidi kabla ya kununua. Ukiona kamera imeandikwa kuwa ya USB, endelea mbele.

Sauti ya siku hizi hupitia kichakataji kidogo kinachohitaji programu dhibiti ya mradi wa Sound Open Firmware, ambayo distro kubwa huibeba. Tatizo lililobaki huwa kwenye vikuza sauti vidogo vinavyowekwa karibu na spika. Kila modeli huviunganisha kwa njia yake, na draiva inahitaji kuambiwa modeli hiyo imefanya nini. Isipoambiwa, vipokea sauti vya masikioni husikika vizuri huku spika zikiwa kimya au zikitoa sauti nyembamba isiyo na besi. Dalili hiyo ukiikuta kwenye maelezo ya watumiaji wa modeli unayoitaka, angalia tarehe, maana marekebisho ya aina hii huingia kwenye kerneli mfululizo.

Kisoma alama za vidole hutegemea maktaba ya libfprint, ambayo ina orodha ya wazi ya vifaa inavyovijua, kimoja kimoja kwa namba yake ya USB. Hapa jina la mtengenezaji wa chipu halitoshi: Goodix, Synaptics na Elan zote zina chipu zilizomo kwenye orodha na zisizomo. Kama huna mazoea ya kufungua mashine kwa kidole, usiruhusu kifaa hiki kikunyime mashine ambayo ni nzuri kwa mengine yote.

Hatua ya 5: Uliza mashine inalalaje

Suala la usingizi linastahili nafasi yake, kwa sababu ndilo linalomkera mtumiaji kila siku, na ni vigumu kuligundua kwenye meza ya muuzaji. Zamani kompyuta mpakato ilipofungwa kifuniko iliingia hali inayoitwa S3, ambamo karibu kila kitu huzimwa isipokuwa RAM. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zimeiacha S3 na kutumia hali ambayo Linux huiita s2idle, ambamo prosesa hubaki imewaka kwa kiwango cha chini kabisa. Hali hiyo hufanya kazi vizuri endapo kila kifaa kitakubali kushuka. Kimoja kikikataa, betri huisha ndani ya begi na mashine hutolewa ikiwa ya moto.

Ili kujua mashine inatoa nini, andika amri hii kwenye dirisha la amri:

cat /sys/power/mem_sleep

Ukiona neno deep kwenye jibu, S3 ipo. Ukiona s2idle peke yake, haipo. Wakati mwingine BIOS ndiyo inayoificha: ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha 6, ya mwaka 2018, ilitoka bila S3, kisha sasisho la BIOS likaongeza chaguo la usingizi lililopewa jina la Linux. Kukosekana kwa S3 kusikufanye uikatae mashine moja kwa moja, kwani zipo nyingi zinazolala vizuri kwa s2idle. Kipimo cha haki ni kuilaza usiku kucha na kuangalia betri asubuhi. Ikiwa imepoteza asilimia chache, hakuna tatizo; ikiwa imepoteza nusu, mashine hiyo haifai kubebwa.

Hatua ya 6: RAM, diski na skrini

Hapa Linux haina masharti mengi, kwa hiyo nitapita haraka. RAM ya GB 8 inatosha kwa kazi nyepesi, na GB 16 ndicho kiwango ambacho kivinjari chenye kurasa nyingi kitatulia. Kama RAM imechomelewa kwenye ubao mama, nunua kiasi utakachohitaji miaka minne ijayo, si cha leo. Diski iwe SSD, na afadhali iwe ya NVMe inayochomoleka. Mashine zenye hifadhi ndogo ya eMMC iliyochomelewa huchosha mapema.

Kuhusu skrini, zingatia ukuzaji wa maandishi. Linux hukuza vizuri kabisa kwa asilimia 100 au 200. Kwa viwango vya katikati, kama 125 au 150, mazingira ya dawati ya GNOME na KDE Plasma yakiwa juu ya Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha) hufanya kazi nzuri, lakini programu za zamani zinazotegemea X11, mfumo uliotangulia, huweza kuonekana na ukungu. Skrini ya inchi 14 yenye pikseli 1920 kwa 1200 haihitaji ukuzaji kwa watu wengi, na pia hupunguza mzigo wa betri. Sioni sababu ya kulipia pikseli nyingi zaidi kwenye inchi hizo, isipokuwa kwa wanaohariri picha.

Hatua ya 7: Wi-Fi, na namna ya kuisoma chipu yenyewe

Kadi ya Wi-Fi ndiyo iliyowakatisha tamaa wengi zamani, na bado inastahili kuangaliwa, ingawa hali imebadilika sana. Kadi za Intel, zinazotumia draiva ya iwlwifi, ndizo za kuaminika zaidi. Za Qualcomm Atheros kwa kawaida ni nzuri. MediaTek MT7921, ambayo ni ya kawaida kwenye mashine za AMD, ilipata draiva yake katika kerneli 5.12 mwaka 2021. Realtek nyingi za PCIe sasa zinaendeshwa na rtw88, iliyoingia kerneli 5.2, na rtw89, iliyoingia 5.16, ingawa uthabiti wake si sawa na wa Intel. Broadcom, inayopatikana hasa kwenye MacBook za zamani, mara nyingi inahitaji draiva iliyofungwa iitwayo wl, na mashine isiyo na tundu la waya wa mtandao itakulazimu kuipakua draiva hiyo kupitia simu kwanza.

Usiamini kibandiko kinachosema Wi-Fi 6, kwa sababu hakitaji chipu. Kwenye mashine iliyowashwa kwa Linux, andika:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye maneno Network controller. Mwishoni mwa mstari huo kuna mabano yenye namba mbili, kwa mfano 8086:2725. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji wa chipu, na 8086 ni Intel. 10ec ni Realtek, 14c3 ni MediaTek, 14e4 ni Broadcom, 168c na 17cb ni za Atheros na Qualcomm. Nusu ya pili ni chipu yenyewe, na 2725 ni AX210. Chini yake kuna mistari mingine, na mmoja husomeka Kernel driver in use: iwlwifi. Mstari huo ukiwepo, kerneli imekwisha kuikamata chipu. Usipokuwepo, chipu haina draiva, hata kama jina lake limeonekana vizuri juu. Namba hizo mbili, ukiziandika kwenye injini ya utafutaji pamoja na neno Linux, zitakupa majibu sahihi kuliko jina la biashara la mashine nzima.

Kadi ikiwa imechomekwa kwenye nafasi ya M.2 (tundu dogo la kadi kwenye ubao mama), unaweza kuibadilisha kwa bisibisi na dakika chache. Hapo pana mtego mmoja: AX200 na AX210 hutumia PCIe ya kawaida na hufanya kazi kwenye Intel na AMD, lakini AX201 na AX211 hutegemea sehemu iliyomo ndani ya prosesa za Intel, hivyo haziwezi kuwekwa kwenye mashine ya AMD hata kama umbo lake linaingia. Katika baadhi ya mashine za zamani za biashara, BIOS hukataa kadi isiyokuwa kwenye orodha yake. Na katika mashine nyembamba sana kadi huchomelewa, hivyo ichukulie kama sehemu isiyobadilika.

Hatua ya 8: Kagua BIOS

Mashine nzuri kwa Linux hukupa uhuru kwenye BIOS. Hakikisha unaweza kuchagua kuwasha kutoka kwenye USB na kwamba Secure Boot inaweza kuzimwa, hata kama hutaizima. Ubuntu, Fedora, openSUSE na Debian huwaka na Secure Boot ikiwa hai, kwa kuwa kipakizi chao cha kwanza kimesainiwa na Microsoft. Tangu mwaka 2022, hata hivyo, baadhi ya mashine hutoka kiwandani zikiwa zimezima utambuzi wa saini za namna hiyo. Flashi ikikataliwa, tafuta kwenye BIOS chaguo linalotaja 3rd Party UEFI CA na uliwashe.

Mashine nyingi za Intel huja na diski ikiwa chini ya mpangilio wa RST au VMD, njia za Intel za kusimamia diski, na kisakinishi huweza kusema hakuna diski yoyote. Badilisha mpangilio huo kuwa AHCI, ule wa kawaida. Ikiwa unakusudia kuiacha Windows pembeni, iandae kwanza iwake katika hali salama, vinginevyo haitawaka baada ya badiliko hilo. Kabla ya kugusa chochote kwenye BIOS, chapisha au nakili ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), kwa kuwa Windows 11 husimba diski yenyewe katika mashine nyingi na itakudai ufunguo huo mara tu mipangilio itakapobadilika.

Jambo la mwisho kwenye BIOS ni masasisho yake. Huduma ya LVFS, iliyoanzishwa na Richard Hughes mwaka 2015, huwezesha BIOS kusasishwa kutoka ndani ya Linux kwa programu ya fwupd. Dell, Lenovo na HP huweka humo masasisho ya modeli zao nyingi za biashara. Modeli ikiwemo kwenye orodha ya LVFS, hiyo ni ishara kwamba kuna mtu ndani ya kampuni anayeifikiria Linux.

Hatua ya 9: Pata jina kamili la modeli, kisha ulithibitishe

Jina la biashara halitoshi. Laptopu mbili zenye jina moja kifunikoni zinaweza kuwa na kadi tofauti za Wi-Fi, kamera tofauti na skrini tofauti. Tafuta namba kamili ya modeli, ambayo huwa chini ya mashine au kwenye boksi. Kwa Lenovo, namba hiyo ukiiingiza kwenye tovuti ya PSREF utaonyeshwa sehemu zilizomo. Kisha linganisha na orodha ya mashine zilizoidhinishwa na Ubuntu, ambayo hutaja pia kama mashine ilijaribiwa ikiwa na Ubuntu ya kiwandani, na linux-hardware.org, ambako watumiaji huweka matokeo ya mashine zao. Wiki ya Arch, distro nyingine, ina kurasa za modeli nyingi zenye jedwali la kila kifaa na hali yake; inafaa hata kwa asiyetumia Arch.

Asiyetaka uchunguzi huu anaweza kununua mashine inayokuja na Linux tayari. System76 ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2005, na TUXEDO ya Ujerumani hujishughulisha na hilo tu. Dell ilianza kuuza XPS 13 yenye Ubuntu mwaka 2012, na Lenovo ikaanza kutoa baadhi ya ThinkPad na Fedora mwaka 2020. Framework, ambayo mashine yake ya kwanza ilitoka mwaka 2021, huuza mashine bila mfumo wowote, na karibu kila sehemu yake hubadilishika, jambo ninalolithamini sana. Hata kama hutanunua hiyo yenye Linux, kuwepo kwake kunaonyesha kwamba sehemu za modeli hiyo zimejaribiwa, mradi usanidi unaouchukua uwe uleule.

Hatua ya 10: Ijaribu kwa flashi

Weka distro unayokusudia kuitumia kwenye flashi, uiwashe mashine kutoka humo bila kusakinisha, na ujipe muda wa kutosha. Unganisha Wi-Fi na ucheze video. Unganisha vipokea sauti vya Bluetooth. Fungua kamera. Sikiliza spika kisha chomeka vipokea sauti vya waya. Punguza na uongeze mwanga wa skrini kwa vitufe vya kibodi. Chomeka skrini ya nje kwenye HDMI na kwenye USB-C, kila moja kwa wakati wake. Ikiwa utatumia kituo cha kuunganishia vifaa, hakikisha hakitumii chipu ya DisplayLink, ambayo inadai draiva iliyofungwa. Funga kifuniko, subiri dakika kadhaa, ufungue, na urudie kuangalia Wi-Fi na sauti, kwa sababu vifaa vingi hufa wakati wa kuamka hata kama vilikuwa hai mwanzoni.

Kisha andika amri hii:

sudo dmesg --level=err,warn

Usishtuke ukiona mistari ya ACPI BIOS Error. Mashine nyingi nzima huitoa. Cha kutazama ni mistari inayosema faili ya programu dhibiti haikupatikana, au kifaa kimeshindwa kuitikia.

Kwa mashine iliyotumika, ongeza ukaguzi wa betri:

upower -i /org/freedesktop/UPower/devices/battery_BAT0

Linganisha energy-full na energy-full-design. Ikiwa ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya ya pili, hesabu betri mpya ndani ya gharama. Hakikisha pia BIOS haina nywila ya mmiliki wa zamani, kwani kwenye mashine za biashara kuiondoa kunaweza kuwa kazi ngumu au isiyowezekana kabisa.

Baada ya majaribio, pima kilichoshindikana kwa urekebikaji wake. Wi-Fi ikiwa ndiyo tatizo pekee na kadi inachomoleka, nunua mashine pamoja na kadi ya Intel ya kuiweka mahali pake. Diski ikiwa haikuonekana, rudi kwenye AHCI. Kifaa kikikosa draiva kwenye Debian au Ubuntu ya muda mrefu, jaribu tena kwa flashi ya Fedora ya karibuni. Kikiamka huko, unachohitaji ni kerneli mpya tu. Lakini ikiwa spika, kamera au usingizi umeshindikana hata kwa kerneli mpya kabisa, irudishe mashine ndani ya muda ulioruhusiwa na utafute modeli nyingine.